Programu Isiyothibitishwa: Niiweke au Niiache?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la steshenari Kirumba, jijini Mwanza. Kompyuta ya dukani ilikuwa ya Windows 10, na sasa inatumia Linux Mint 22. Nikitafuta Google Chrome kwenye ghala la programu siioni. Kijana mmoja amenishauri niruhusu programu zisizothibitishwa ili zionekane zote. Je, ni salama?

Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kijana huyo hakukudanganya, ila hakumaliza maelezo. Tangu toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, Linux Mint huficha programu za Flathub, ghala la mtandaoni la programu za Linux, ambazo watengenezaji wake hawajathibitisha kuwa ni zao. Wapo wanaolalamika, na wana hoja. Lakini mwaka huohuo, katika ghala jingine liitwalo Snap, iliwekwa programu bandia iliyojifanya pochi ya Bitcoin ya Exodus, na aliyeiamini akapoteza fedha zake.

Hata hivyo, kutothibitishwa si sawa na kuwa na hila. Chrome iliyomo Flathub haikuwekwa na Google, na ndiyo maana umeikosa. Alama ya uthibitisho nayo hueleza tu ni nani aliyeileta programu. Haisemi kwamba kuna mtu aliyeikagua ndani.

Kwa Chrome sioni haja ya kugusa mipangilio. Jaribu kwanza Chromium, kivinjari kinachofanana sana na Chrome, iliyomo katika ghala la Mint lenyewe. Isipokufaa, pakua faili la .deb, yaani la kusakinishia programu, kutoka tovuti ya Google, na baada ya hapo masasisho yake yatakuja pamoja na ya mfumo. Nasisitiza tovuti ya Google yenyewe, kwa sababu faili la aina hiyo husakinishwa kwa mamlaka yote ya mfumo, na lililotoka kwenye flashi ya jirani ni hatari kuliko chochote ambacho Mint imekuficha.

Siku utakapohitaji programu inayopatikana Flathub pekee, iruhusu ionekane, kisha soma ukurasa wake kabla ya kubonyeza chochote. Flatpak, yaani muundo unaotumiwa na programu za Flathub, huitenga programu na mfumo, lakini ikiwa imepewa ruhusa ya kusoma folda yako ya nyumbani (Home), yenye mafaili yako, basi hata nakala za vitambulisho vya NIDA ulizowaskania wateja ziko wazi kwake. Flatseal, programu ndogo isiyo na gharama, itakuonyesha ruhusa hizo na kukuwezesha kuziondoa. Nakala zenyewe, kwa vyovyote vile, zifute mteja akishachukua karatasi zake.