Lubumbashi–Guangzhou kwa ndege: daraja la biashara, ulipie kipande gani?

Jambo ndugu. Unauliza kama tiketi ya daraja la biashara (business class) hadi Guangzhou kupitia Addis Ababa inastahili zile dola za ziada.

Kabla ya bei, tazama aina ya ndege kwa kila kipande cha safari. Luano (uwanja wa Lubumbashi)–Addis ikiwa ni Boeing 737, kiti ni kipana ila kinaegemea tu, hakilali. Hapo ni kama unalipia chakula tu! Usingizi uko kipande kirefu. Kwenye Boeing 787 ya shirika la Ethiopian viti vya biashara ni 2-2-2, yaani viwili kila dirishani na viwili katikati: wa dirishani humruka jirani akienda chooni, kwa hiyo chukua vya katikati.

Omba wakala akuchanganyie: kipande cha kwanza daraja la kawaida, cha pili biashara. Ila uliza mizigo itahesabiwa kwa daraja lipi, na iandikwe kwenye tiketi. Linganisha pia na kuondokea Ndola, Zambia, ukijumlisha gari na foleni ya mpakani Kasumbalesa.