MikroRNA mingi au mikroRNA nyingi?

Swali: Natayarisha kijitabu cha afya kuhusu mikroRNA, molekuli fupi zilizo ndani ya seli, nami nimeandika: "MikroRNA mingi husababisha saratani, lakini sasa inaponya." Mwenzangu ameifuta "mingi" na kuandika "nyingi". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako. Silabi "mi" iliyo mwanzoni si kiambishi cha wingi kama katika miti na mikono, kwa kuwa hatuna "mkroRNA" moja. Ni sehemu ya neno lenyewe lilivyotoholewa, na hivyo linakaa katika ngeli ya I-ZI: mikroRNA hii inazuia, mikroRNA hizi zinazuia. Ni kweli kwamba Kiswahili kimewahi kuyakata upya maneno ya kigeni, ndiyo maana kitabu, lililotoka Kiarabuni, likapata wingi wa vitabu, na madereva wetu wakapata vipilefti. Lakini hayo yaliamuliwa na vinywa vya wengi.

Kosa hilo, hata hivyo, linaudhi macho tu. Vitenzi vyako viwili ndivyo vitakavyompotosha mgonjwa. Kiambishi "hu-" hudai jambo la siku zote, ilhali kazi ya kawaida ya molekuli hizi fupi, zenye nyukleotidi (vipande vinavyounda mnyororo wa RNA) takriban 22, ni kudhibiti kiasi cha protini ambacho seli inatengeneza. MikroRNA-21 huonekana kuzidi katika uvimbe wa aina nyingi. Kwa upande mwingine, let-7, mikroRNA nyingine, ambayo huzibana protini za RAS zinazochochea seli kugawanyika, mara nyingi hupungua katika saratani ya mapafu; nazo mikroRNA-15a na mikroRNA-16-1, kama ilivyobainika mwaka 2002, hupotea au hupungua kwa wagonjwa wengi wa lukemia sugu ya limfositi, aina ya saratani ya damu. Hizi tatu hulinda, na madhara huja zinapokosekana; sentensi yako inazishtaki bure.

"Kuponya" nako kumezidi. Anayetibu anaushughulikia ugonjwa, anayeponya ameuondoa. Dawa iliyoiga mikroRNA-34 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, na jaribio likasimamishwa mwaka 2016 kutokana na madhara makali yaliyohusu mfumo wa kinga, kwa hiyo hata "zinatibu" ni kusema mapema. Ningeandika: "Baadhi ya mikroRNA zikizidi, na nyingine zikipungua, huchangia kukua kwa saratani, nao watafiti wanajaribu kuzitumia katika matibabu." Hapo "hu-" inakubalika, kwa kuwa sharti limetangulia.