Kabla hujalipa tuisheni ya hisabati darasa la tano, mpime mtoto hivi

Dada wa Wete, Pemba, umeuliza kama kijana wako atiwe tuisheni, kwa kuwa hadi darasa la nne alikuwa mbele kwa hisabati na sasa, la tano, anarudi na 6 katika 20. Usilipe bado.

Chukua maswali 10 ya maneno kutoka daftari lake, si ya tarakimu tupu. Ayafanye kwa Kiingereza kama yalivyo. Siku ya pili badilisha nambari, umsomee hayo hayo kwa Kiswahili. Akipata 3 mwanzo na 8 baadaye, hisabati anazijua, kilichomwangusha lugha. Akianguka kote kuwili, rudini kwenye jedwali la kuzidisha na sehemu. Hapo tuisheni ina maana.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ndiyo iliyopeleka hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Na maneno marefu si tatizo khasa, hayo hukaririwa. Vinavyoangusha ni vijineno. Asha ana maembe 35, Juma 20, "how many more", yaani Asha kamzidi kwa mangapi? Mtoto akiona "more" anajumlisha, anaandika 55 badala ya 15. "5 less than 12" anaandika 5 − 12 badala ya 12 − 5, kwa kuwa anafuata maneno yalivyopangwa.

Mtengenezee daftari la safu tatu: neno la Kiingereza, la Kiswahili (mzingo, eneo, kiasi yaani namba ya juu ya sehemu, asili yaani ya chini), na mfano aliouchora mwenyewe. Maneno matano kwa wiki, si hamsini. Kila swali akueleze kwanza kwa Kiswahili: tumepewa nini, tunatafuta nini. Ndipo ashike kalamu. Dakika 20 zinatosha. Mtoto aliyeshinda skuli asubuhi na chuoni (madrasa) mchana, usiku ukimweka saa mbili atakusinzilia tu.

Sehemu mfundishe kwa pishi, kipimo cha vibaba vinne. Nusu pishi ya karafuu na kibaba kimoja ni ngapi? Atakujibu vibaba vitatu, yaani robo tatu. Halafu huyo huyo anaandika 1/2 + 1/4 = 2/6, kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usimkemee. Muulize 2/6 ni kubwa au ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Akigundua ni theluthi tu, kosa hilo halirudii kirahisi.

Maoni yangu: Kiingereza kisomeshwe, tena kwa nguvu, lakini kama somo. Kukifanya mlango wa kuingilia hisabati ni kumpima mtoto kitu kingine. Elimu ilitangazwa bure hapa Septemba 1964, leo mzazi anainunua upya baada ya Magharibi, na mara nyingi anachonunua ni majibu ya mitihani iliyopita. Tena visiwa hivi ndivyo vilivyotoa Kiunguja, msingi wa Kiswahili sanifu!

Mwalimu wake wa skuli mwombe jambo moja tu: akisahihisha, aweke alama tofauti pale mtoto alipokosea hesabu na pale alipolisoma swali vibaya.