Rimu za kaboni zisubiri kwanza

Ndugu yangu, nimekuelewa: una baiskeli ya mbio ya mtumba, mlima wa Ngong unakuumiza magoti, na kuna mtu anataka kukuuzia rimu za kaboni zilizotumika. Hela hiyo usiitoe bado.

Kinachokutesa ni gia. Umesema ile kubwa ya nyuma ina meno 25; kwa mlima ule ni nzito mno. Tafuta seti ya gia za nyuma ya meno 11 hadi 32, ila kwanza mwulize fundi kama diraila yako, kile kifaa kinachohamisha cheni kwenye gia, inaimudu, maana yenye mkono mfupi mara nyingi haifiki hapo. Badilisha na cheni, kwa kuwa cheni iliyovutika hula meno mapya upesi.

Kiti nacho kipime: kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Magoti yakizidi kuuma baada ya hapo, muone daktari.

Badala ya tairi za upana wa milimita 23 weka za 28, mradi zisiguse breki wala fremu.

Rimu za kaboni za mtumba mimi naziogopa kwa dhati. Ufa mdogo ndani hauonekani kwa macho, na breki za kubana rimu huzipasha moto sana kwenye mteremko mrefu.