Picha za mababu zikienda mtandaoni: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanaotunza picha, kanda na miswada ya jamii zao, nao wanaombwa kuviweka vyote wazi kwenye intaneti. Tumechagua sita.

Makumbusho yetu ndogo ina picha za karatasi 1,200 hivi, kaseti 60 na vyombo vya nyumbani. Bodi inataka vyote viwe mtandaoni ifikapo Desemba, kwa leseni wazi. Tuanzie wapi? — Msimamizi wa mkusanyo, Mtwara

Ndugu msimamizi, anzeni na daftari, skana itasubiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kipande kipewe namba na mstari wake: ni nini, nani alipiga au kurekodi, lini, wapi, nani anaonekana au kusikika, kilifikaje kwenu, na nani wa kuulizwa. Safu mbili za mwisho ndizo zinazorukwa mara nyingi, na ndizo zitakazowaokoa. Kitu ambacho familia imekiweka kwenu amana bado ni cha familia. Kilichoingia bila karatasi yoyote kiulizwe kwanza kwa wenyewe kabla ya kuonyeshwa.

Kisha kila kipande kipite kwenye maswali matatu. Hakimiliki ni ya nani, na muda wake umekwisha? Waliomo wako hai, na je, wangeona haya kuonekana hivyo: mgonjwa, mfungwa, mtoto, mtu aliyevuliwa nguo ili apigwe picha na mgeni? Na mila inamtaja nani kuwa wa kukiona au kukisikia? Andikeni uamuzi kwa neno moja, "kitoke", "kisubiri" au "kibaki", pamoja na tarehe na jina la aliyeamua. Agizo la "vyote ifikapo Desemba" haliwezi kutimizwa kwa uaminifu. Iombeni bodi ianze na vipande 100 vya majaribio; hivyo ndivyo vitakavyowaonyesha kasi yenu halisi.

Picha ya sentimita 10 kwa 15 iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, rangi ya biti 24 hata kama ni nyeusi na nyeupe, na ihifadhiwe kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora; hiyo ndiyo faili mama. Faili moja itafika megabaiti 25 hivi. Skanini na mgongo wa picha: muhuri wa studio na mwandiko wa penseli mara nyingi ndio ushahidi pekee wa nani alipiga na lini. Zimeni marekebisho ya rangi yanayofanywa na skana yenyewe, maana yakishaingia kwenye faili mama hayatoki. Picha 1,200 mbele na nyuma ni gigabaiti 60. Kaseti ya saa moja ikirekodiwa kama WAV ya 96 kHz na biti 24, stereo, ni gigabaiti 2 hivi, kwa hiyo kaseti 60 za saa moja ni kama 120. Nakala tatu zinahitajika, moja ikae jengo jingine. Diski za terabaiti 1 zinatosha. Kabla ya kucheza kaseti, vunjeni vile vichupo viwili vya juu ili isifutwe kwa bahati mbaya. Yenye ukungu mweupe msiicheze. Itachafua kichwa cha mashine na kuambukiza nyingine.

Nakala ya umma iwe JPEG yenye pikseli 2,000 upande mrefu. Hapa kuna kosa linalotutia hofu kuliko yote: picha iliyopigwa kwa simu hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wafu, vimeibwa kwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo. Picha ya kigango kilichosimama, ikiwa na vipimo vya mahali, ni ramani ya mwizi. Programu ya bure ya ExifTool hufuta hilo kwa amri `exiftool -gps:all= *.jpg`. Huacha kando faili ya awali yenye mwisho `_original`, hiyo msiipakie. Majina ya faili pia yawe namba tupu, si jina la mtu.

Tumenunua albamu za studio ya picha ya miaka ya 1960. Kwa kuwa ni zetu, tunaweza kuzipa leseni ya Creative Commons? Tuzuie biashara, tena tupige jina letu katikati ya kila picha? — Mlezi wa kituo cha utamaduni, Mombasa

Mmenunua karatasi. Hakimiliki haikuja nayo, isipokuwa kama kuna maandishi yanayosema hivyo, na leseni hutolewa na mwenye haki tu. Kwa Kenya kuna mtego ambao wengi huuruka: hakimiliki ya picha hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipofikishwa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, na kinachohesabiwa ni mwaka wa mwisho kati ya hiyo. Picha ya 1965 iliyokaa kwenye albamu bila kuchapishwa isichukuliwe kuwa huru kwa sababu tu ni kongwe. Watafuteni warithi wa studio na mpate idhini ya maandishi. Msipowapata, tumieni mojawapo ya matamko 12 ya tovuti ya RightsStatements.org yanayoeleza hali ya haki za kazi, lipo la kusema hakimiliki haijatathminiwa, na kukiri hivyo ni uungwana kuliko kudai msichonacho.

Kuskani hakuwapi haki mpya. Umoja wa Ulaya uliliandika hilo katika maelekezo yake ya 2019, kifungu cha 14: nakala ya kawaida ya kazi ya sanaa ya kuonekana iliyokwisha kuwa miliki ya umma haizai hakimiliki. Sisi tungependa makumbusho zetu zifuate msimamo huo hata pale sheria haizilazimishi.

Kuhusu kuzuia biashara, tafakarini nani anazuiwa hasa. Chuo tajiri cha ng'ambo kinachotumia picha kufundishia hakizuiwi. Anayezuiwa ni mchapishaji wa kitabu cha shule hapo Mombasa, na kijana anayetengeneza kalenda. Yanayoruhusiwa kutoka yatoeni kwa leseni ya Creative Commons iitwayo CC BY, inayodai mtajwe tu, au CC0 ambayo haidai chochote. Mkumbuke pia kuwa leseni hizi hazirudishwi: mkibadili nia mnaweza kuondoa faili kwenu, lakini aliyekwisha kuipata ataendelea kuitumia. Jina katikati ya picha liacheni. Linaharibu kazi ya msomaji mwema na halimzuii mwovu.

Shikamooni. Tuna kanda za nyimbo za unyago zilizorekodiwa na mtafiti zamani. Makungwi wanasema hazifai kusikika na wanaume wala watoto. Mfadhili anasema fedha zake ni kwa mkusanyo ulio wazi tu. Tufanyeje? — Binti wa Lindi

Marahaba, binti. Makungwi wana haki, na hawako peke yao. Mwaka 2007 jamii ya Warumungu wa Tennant Creek, Australia, ilishiriki kuanzisha mfumo wa Mukurtu kwa sababu hiyohiyo: kwao kuna picha za kuonwa na wanawake tu, na za marehemu ambazo si kila mtu aruhusiwe kuzitazama. Mfumo huo ni wa bure, na unakuwezesha kuamua kundi gani lifungue faili ipi. Kuna pia lebo za Local Contexts, shirika lililoanzishwa 2010, zinazobandikwa kwenye maelezo ya kipande: moja husema ni cha wanawake, nyingine ni cha siri, nyingine kina msimu wake, nyingine inataja jinsi jamii inavyotaka kutambuliwa. Lebo si kufuli. Humweleza mgeni mila ilivyo. Kufuli ni kazi ya mfumo na ya mtu anayeshika nywila.

Kwa mfadhili, mpeni maneno yake mwenyewe. Wanaohubiri data wazi wana kanuni za FAIR za 2016, zinazotaka data ipatikane na itumike tena. Mwaka 2019 watu wa asili wa nchi mbalimbali walitoa kanuni za CARE, zinazotaka jamii inufaike na iwe na mamlaka juu ya data zake. Mwambieni kuwa orodha ya kanda itakuwa wazi: namba, mwaka, eneo, muda, na sentensi moja ya jumla. Sauti itabaki kwa wenyewe. Mwombeni aandike hilo kwenye mkataba kabla ya kutoa senti. Akikataa, fedha hizo ni ghali mno.

Sasa idhini. Ile ya zamani, hata kama ipo, ilikuwa ya kurekodiwa. Wakati huo hakuna aliyejua simu itamfikia kila mtu. Waiteni makungwi, wasikilize kanda wenyewe faraghani, mwanamke ndiye aendeshe mashine, na kila wimbo uulizwe peke yake: usikike na nani, unukuliwe au la, ufasiriwe au la, utumike kwenye muziki wa kuuza au la. Msifanye idhini ya "ndiyo" au "hapana" kwa kanda nzima, kwa sababu kanda moja huweza kuwa na ngoma ya hadharani upande A na mafunzo ya ndani upande B. Majibu yarekodiwe kwa sauti, maana fomu ya kurasa nne haina maana kwa bibi asiyesoma. Idhini ya kungwi mmoja isichukuliwe kuwa ya wote. Mrudi kwao kila baada ya miaka mitano hivi, maana walio hai hubadili mawazo na mabinti zao nao wana neno.

Assalaam aleikum. Familia yetu ina miswada ya tenzi na vitabu vya dini kwa hati za Kiarabu. Mtafiti kutoka Ulaya ataka kuipiga picha yote na kutuachia diski. Tukubali? — Mzee wa Lamu

Waaleikum salaam, mzee wetu. Yaweza kuwa heri, ikiwa masharti yataandikwa kabla ya ukurasa wa kwanza kupigwa picha. Lamu yenyewe ina mfano: miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha kupitia mpango wa Endangered Archives wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, mpango ambao hauruhusu miswada ya asili kutoka nchini na hudai nakala zibaki pia katika taasisi ya huko huko.

Takeni haya. Asili isitoke nyumbani, au isitoke mjini. Mpewe faili mama zote za TIFF, zisiwe JPEG ndogo tu, ziwe kwenye diski mbili, na mzifungue mbele yake mkihesabu kurasa. Kamera na stendi vibaki, na kijana wa familia afundishwe kuvitumia. Maelezo ya kila mswada yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, jina la ukoo liandikwe mnavyoliandika ninyi, na aliyenakili mswada atajwe kama mwandishi anavyotajwa. Kitabu cha dua za tiba au hirizi, na barua za mirathi zinazotaja waliopo, mvitenge siku ya kwanza kabisa; mgeni hatajua kuvitambua. Ongezeni kifungu juu ya kutumia picha hizo kufunzia mashine za akili mnemba: kiseme wazi mnakubali au mnakataa. Mkataba ukikaa kimya, hamtakuwa na pa kushika.

Makumbusho za Ulaya zimeweka picha za vitu vyetu mtandaoni bure. Je, si sawa na kuturudishia? — Mwanafunzi, Dar es Salaam

Hapana. Ripoti ya Felwine Sarr na Bénédicte Savoy ya Novemba 2018, iliyoombwa na rais wa Ufaransa, ilitaka vitu virudi Afrika, lakini pia ilitaka picha zake ziwekwe wazi kwa wote. Machi 2019 wataalamu zaidi ya 100 walitia saini jibu la wanasheria Mathilde Pavis na Andrea Wallace: kama kitu kinarudi kwa mwenyewe, uamuzi wa kukipiga picha na kuifungua nao ni wa mwenyewe. Tunakubaliana nao kabisa. Anayefungua kabla ya kurudisha amekwisha kuamua kwa niaba ya aliyeporwa.

Hata hivyo hazina hizo zitumieni. Tovuti ya Digital Benin ilifunguliwa Novemba 2022 ikiwa na vitu zaidi ya 5,000 vya ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, kutoka taasisi 131 katika nchi 20, na majina yake yameandikwa pia kwa Kiedo. Kwa Kenya, mradi wa International Inventories Programme umeorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vilivyoko Ulaya na Marekani. Mkitafuta, jaribuni tahajia za zamani na majina ya kikoloni: "Deutsch-Ostafrika", "Wadschagga". Kwa "Mchagga" peke yake mtapitwa na mengi. Na picha za mafuvu na mifupa ya watu msizisambaze hata zikiwa bure. Berlin kulikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na mwaka 2023 vipimo vya DNA viliunganisha baadhi yake na ndugu walio hai Tanzania.

Tumeshapakia, na familia moja imekuja kulalamika kwa hasira. Tufanyeje? — Mtunza nyaraka, Tabora

Ondoeni leo, jadilini kesho. Msiwadai kwanza uthibitisho wa undugu. Ukurasa ubaki na namba ya kipande na sentensi moja: "Kimeondolewa kwa ombi la familia", pamoja na tarehe. Faili mama isifutwe; ihamishiwe kwenye sehemu iliyofungwa. Kisha tafuteni nakala zilikoenda: pakieni picha yenyewe kwenye utafutaji wa picha wa Google, ombeni matokeo ya zamani yaondolewe, waandikieni Internet Archive, wanaohifadhi nakala za kurasa za zamani, na kama mliipeleka Wikimedia Commons, hazina ya picha ya Wikipedia, fungueni ombi la kufutwa huko, ambako leseni mliyotoa inaweza kuwakwaza. Familia waambieni ukweli juu ya nakala ambazo hamwezi kuzifikia. Halafu fungueni daftari kama lile tulilomweleza msimamizi wa Mtwara, msome aliyeandika "kitoke" alikuwa nani na alimuuliza nani, na mkague vyote vilivyopitishwa na mkono huohuo.