Maswali na majibu: mabunda ya sarafu za zamani na karatasi isiyothibitisha kitu

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu mabunda ya sarafu za Marekani, yaani sarafu za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zilizoviringishiwa karatasi zikiwa mpya, kabla ya kuingia kwenye mzunguko. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Naamini anayesoma hapa anajua kutofautisha sarafu mpya na sarafu iliyosuguliwa ikang'aa, kwa hiyo sitarudi huko.

Swali: Natafuta bunda la senti 25 za miaka ya 1920 ambazo hazijatumika. Kila muuzaji ananiambia hana. Je, wananificha?

Jibu: Hawakufichi. Mabunda hayo karibu hayapo kabisa, na sababu yake ni kwamba hakuna aliyeyaweka. Desturi ya kuhifadhi bunda zima la sarafu mpya ilishika kasi katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo mkusanyaji aliridhika na sarafu moja ya kila mwaka, na wengine hawakuangalia hata alama ya kiwanda. Sarafu zilitoka kiwandani zikiwa ndani ya mifuko, zikafika benki, zikaingia sokoni, na zikazunguka mpaka zikalika. Senti 25 za wakati huo zililika vibaya kuliko nyingine, kwa sababu hadi 1924 tarakimu za mwaka zilikuwa zimeinuka juu ya uso wa sarafu na ndizo zilizotangulia kufutika; ni mwaka 1925 tu ndipo zilipozamishwa ili zidumu. Ndiyo maana leo utakuta sarafu hizo nyingi hazina mwaka unaosomeka, na wewe unataka arobaini mpya za pamoja, yaani bunda zima.

Linganisha na dola za madini ya fedha zinazoitwa Morgan kwa jina la mchoraji wake, ambazo zilianza kufuliwa mwaka 1878. Hizo ni kongwe zaidi, lakini mamilioni yake yalilala katika maghala ya Hazina ya Marekani ndani ya mifuko ya dola 1,000, na yaliyobaki yakatolewa kwa wananchi kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Matokeo yake ni kwamba bunda la dola mpya za 1881 kutoka San Francisco linapatikana kwa yeyote mwenye uwezo wa kulilipia, wakati bunda la senti 25 za miaka kama arobaini baadaye halionekani. Naomba wasomaji waache kuupima uadimu kwa umri. Swali la kuuliza kwanza ni nani aliyeziweka sarafu hizo na kwa nini.

Swali: Je, nikienda benki na kuomba mabunda ya zamani watanipa?

Jibu: Hapana, benki hutoa sarafu za karibuni au zilizochanganyika, na karani hana ghala la siri.

Swali: Nimenunua bunda la senti 25 "la asili kutoka benki", halijawahi kufunguliwa. Sarafu za ncha zote mbili ni mpya na ni za 1958. Nililipa bei ya juu. Nilifungue au niliache?

Jibu: Lifungue leo, muda wa kulirudisha kwa muuzaji ukiwa haujapita. Nimeandika jambo hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika: karatasi haithibitishi kitu. Sarafu za matumizi ya kawaida hazikutoka kiwandani zikiwa zimefungwa kwenye karatasi; zilitoka kwenye mifuko, na waliozifunga walikuwa benki na makampuni ya kuhesabu fedha. Karatasi tupu za benki za zamani zinauzwa, na mashine za kukunja ncha zinauzwa pia. Mtu mwenye vitu hivyo viwili, pamoja na sarafu mbili nzuri za kuweka kwenye ncha, anaweza kutengeneza bunda "lisilowahi kufunguliwa" mezani kwake kabla ya chakula cha mchana. Katikati huweka sarafu zilizotumika kidogo, au mpya ambazo zimekwishachambuliwa na zilizo bora kuondolewa.

Uchambuzi huo umeongezeka sana tangu yalipoanza makampuni ya kupanga sarafu madaraja na kuzifungia ndani ya plastiki, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987. Madaraja ya sarafu mpya huanzia 60 hadi 70, na tofauti ya alama moja huko juu inaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara walifungua mabunda ya kweli, wakachukua sarafu mbili tatu zilizo bora, na kurudisha zilizobaki sokoni. Bunda la asili ambalo halijaguswa na mkono wa mjuzi ni adimu kweli, na kwa sababu ni adimu ndipo linapoghushiwa.

Kabla hujalifungua, lipime. Senti 25 ya 1964 kurudi nyuma ina asilimia 90 ya madini ya fedha na uzito wa gramu 6.25, kwa hiyo arobaini zina gramu 250, ukiacha karatasi. Za shaba na nikeli zilizoanza 1965 zina gramu 5.67 kila moja, na arobaini hazifiki gramu 227. Mizani itakuambia kama umeuziwa chuma kingine, ingawa haitakuambia kama sarafu za katikati ni mpya. Kwa hilo unahitaji taa moja na subira. Iinamishe kila sarafu polepole chini ya mwanga: mng'ao wa kiwandani huzunguka juu ya uso mzima kama miale ya gurudumu, na ukikatika juu ya shavu la Washington, rais aliye kwenye senti 25 hizo, au kwenye nywele zilizo juu ya sikio lake, sarafu hiyo imeshapita mikononi mwa watu, hata kama inavutia macho.

Niongeze onyo ambalo hukuliuliza. Yapo mabunda ambayo hayawezi kuwa ya benki hata muuzaji akiapa. Nusu dola ya 1970 yenye alama D ya Denver haikutolewa kwa mzunguko. Ilipatikana ndani ya seti za mwaka zilizouzwa kwa wakusanyaji tu. Ndivyo ilivyo kwa senti 10 ya 1996 yenye alama W ya West Point. Ukiona bunda la sarafu hizo, jua kwamba mtu alizikata kutoka kwenye seti na kuzipanga mwenyewe. Hilo si kosa. Kosa ni kuliita bunda la benki na kulipandishia bei.

Swali: Nina sarafu ya zamani sana. Ina thamani gani?

Jibu: Hukutaja nchi, mwaka, thamani iliyoandikwa juu yake wala hali yake, na hukutuma picha. Barua za namna hii zinakuja kila mara na sitazijibu tena.

Swali: Kwa nini senti 25 za 1982 na 1983 zikiwa mpya zinauzwa ghali kwa bunda, na hali zilifuliwa kwa mamia ya mamilioni?

Jibu: Hili ni swali zuri kuliko yote niliyopokea, na jibu lake linaeleza soko lote la mabunda. Katika miaka hiyo miwili kiwanda cha sarafu cha Marekani hakikuuza zile seti zake za kila mwaka za sarafu mpya, ambazo kwa kawaida ndizo zinazowahakikishia wakusanyaji sarafu safi. Wakati huohuo uchumi ulikuwa mbaya, na sarafu isiyo na madini ya thamani haikumvutia mtu kufungia dola 10 kwenye kabati. Sarafu zikaenda kazini zote. Wingi wa zilizofuliwa haukusaidia, maana kilichopungua ni watu wa kuziweka kando.

Hata hivyo, usikimbilie kununua kila bunda lenye mwaka 1982 au 1983. Nyingi za sarafu hizo zilifuliwa hafifu na zimejaa mikwaruzo ya kugongana ndani ya mifuko. Nunua iliyo safi, hata kama ni moja.

Swali: Nimerithi mabunda ya senti moja. Baadhi ya sarafu zina madoa. Nizisafishe kwa kitu gani?

Jibu: Usizisafishe kwa kitu chochote. Sarafu mpya iliyosuguliwa hupoteza mng'ao wake wa asili, na mng'ao huo haurudi.

Lililo muhimu zaidi ni kutenganisha za shaba na za zinki. Katika mwaka 1982 senti moja ilibadilishwa kutoka shaba ya asilimia 95, yenye gramu 3.11, ikawa zinki iliyopakwa shaba nyembamba, yenye gramu 2.5, na mwaka huo una aina zote mbili. Unyevu ukipata ufa kwenye shaba hiyo, zinki iliyo chini huoza na uso hufanya malengelenge. Mabunda ya zinki yakaguliwe na kuhamishiwa kwenye vichupa vya plastiki ngumu, na yawekwe mahali pakavu. Plastiki laini yenye PVC ikae mbali na sarafu zako zote, kwa kuwa huziachia utando wa kijani unaokula chuma.

Swali: Je, mabunda ni uwekezaji mzuri? Rafiki ananishauri ninunue ya miaka ya karibuni na kusubiri.

Jibu: Mwulize rafiki yako habari za senti 5 ya 1950 kutoka Denver. Zilifuliwa 2,630,030 tu, na habari hiyo ikajulikana mapema, kwa hiyo watu walizificha kwa mabunda tangu siku ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa homa ya mabunda, bunda moja lenye thamani ya dola 2 lilipanda bei kupita kiasi. Homa ilipokwisha, bei ikaanguka, na waliochelewa kununua wakabaki na hasara. Hadi leo sarafu hiyo ni rahisi kuipata ikiwa mpya kuliko ikiwa imetumika. Senti 25 za majimbo 50, zilizotolewa kati ya 1999 na 2008, ziliwekwa na kila mtu, na wengi wa wanaotaka kuziuza hawapati zaidi ya thamani iliyoandikwa juu yake.

Mabunda ya madini ya fedha yana historia tofauti. Bei ya madini hayo ilipokaribia dola 50 kwa aunsi mnamo Januari 1980, sarafu nyingi mno, hata zilizokuwa mpya, zilipelekwa kuyeyushwa, na hakuna kitabu kinachoonyesha ni miaka ipi iliyopunguzwa zaidi. Anayekuhakikishia kwa takwimu kwamba mabunda fulani yamebaki mangapi anakubunia.

Swali: Nikikosa bunda la asili, ni aibu kujikusanyia sarafu mpya moja moja mpaka litimie?

Jibu: Si aibu hata kidogo, na kwa miaka mingi ya kabla ya 1934 ndiyo njia pekee iliyobaki. Utakuwa umeikagua kila sarafu kwa macho yako, jambo ambalo mnunuzi wa bunda lililofungwa hawezi kulisema. Zitie kwenye kichupa cha plastiki ngumu, si kwenye karatasi ya benki, na juu yake andika kwamba umezikusanya mwenyewe pamoja na miaka uliyozikusanya, ili siku utakapoliuza, au warithi wako watakapoliuza, asijitokeze mtu wa kuliita la asili.