Sanduku la Maswali: Mwalimu na Kivinjari

Maswali ya toleo hili yametoka kwa walimu wa Mombasa. Maelezo ni ya Chrome kwenye laptopu ya Windows. Anayetumia Edge ataona tofauti ndogo tu.

Nafundisha fizikia Likoni. Nina laptopu moja na projekta. Nikifungua majaribio ya umeme mtandaoni, ukurasa unazunguka tu na darasa linaanza zogo. Bando la simu nalo haliishi kipindi. Nifanyeje?

Mtandao utumie jana yake, Mwalimu, darasani uingie na faili. Tovuti ya PhET (phet.colorado.edu), iliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na mwanafizikia Carl Wieman, ina majaribio ya bure ya fizikia, kemia, biolojia na hesabu. Jaribio linalokufaa ni Circuit Construction Kit: DC. Kwenye ukurasa wake tafuta kitufe cha kupakua, si kile cha kuchezesha. Utapata faili moja inayoishia na .html, ya megabaiti chache. Iweke kwenye folda ya somo, na nakala nyingine kwenye flashi. Ukiibofya mara mbili inafunguka ndani ya Chrome bila mtandao wowote.

Wengi hukosea hapa: hubonyeza Ctrl+S wakiwa kwenye ukurasa wa tovuti. Hapo unahifadhi ganda, kokwa limebaki mtandaoni, na darasani utaona kisanduku kitupu. Kosa la pili ni kuchukua majaribio ya zamani yaliyotegemea programu iitwayo Flash (si ile flashi ya kuwekea faili), ambayo msaada wake ulikoma mwisho wa 2020. Chagua yaliyoandikwa HTML5. Usiku huohuo zima Wi-Fi na data, ufungue faili. Ikifunguka, lala.

Darasani weka beteri ya volti 9 na balbu ya omu 10, kisha waulize wanafunzi ampea zitakuwa ngapi kabla hujaweka kipimo. Itasoma 0.9. Ongeza balbu ya pili ya aina hiyohiyo kwenye njia ileile: 0.45, na mwanga unafifia. Zipange sasa sambamba, kila balbu na njia yake: mkondo unaotoka kwenye beteri unafika 1.8, na balbu zote mbili zinawaka kama ile ya kwanza ilivyowaka peke yake. Waache wabishane kwanza, jibu lisubiri.

Nilichapisha mtihani wa muhula kwenye saiba mjini. Nimefika nyumbani Kisauni ndipo nikakumbuka sikutoka kwenye barua pepe yangu. Je, lazima nirudi?

Kwa barua pepe, hapana. Chukua simu yako, fungua myaccount.google.com, ingia sehemu ya usalama, shuka hadi orodha ya vifaa vyako. Chagua kompyuta yenye tarehe na saa ya leo ambayo si yako, ubonyeze kuondoka. Kisha badilisha nenosiri, maana huenda kivinjari cha saiba kilikuuliza kama kihifadhi nawe ukakubali bila kusoma. Kama ulifungua WhatsApp pale, iondoe kwenye simu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa.

Kwa mtihani, rudi. Kutoka kwenye akaunti hakufuti faili uliyopakua. Bado imo kwenye folda ya Downloads, na mteja anayefuata ataiona akitafuta yake. Bonyeza Ctrl+J uone orodha ya vilivyopakuliwa, fungua folda yenyewe, chagua faili, halafu Shift+Delete ili isipitie pipa la taka.

Safari ijayo bofya picha ya wasifu juu kulia, uchague Mgeni. Ukifunga madirisha yote ya Mgeni, historia na akaunti vinafutika. Faili zilizopakuliwa hazifutiki hata hivyo, na hali fiche, yaani Ctrl+Shift+N, ni hivyohivyo. Kwa hiyo usipakue kabisa: fungua mtihani ndani ya Google Drive, hifadhi yako ya mtandaoni, na uchapishe kutoka hapohapo.

Nilituma kiungo cha zoezi la Google Docs kwenye kundi la wazazi wa Gredi ya 5. Kufika jioni, maswali nusu yamefutwa. Nani kafanya?

Huenda ni kidole cha mtoto tu. Ulitoa ruhusa ya kuhariri kwa kila mwenye kiungo, basi darasa zima liliandika kwenye karatasi moja. Rudisha kwanza: bonyeza Ctrl+Alt+Shift+H, historia ya matoleo inatokea kulia, chagua toleo la asubuhi na ulirejeshe. Kisha badilisha ruhusa iwe ya kutazama pekee.

Sasa kiungo chenyewe. Mwishoni utaona neno edit na pengine herufi nyingine baada yake. Futa kuanzia edit hadi mwisho, uandike copy. Atakayekibofya ataombwa kutengeneza nakala yake mwenyewe, na yako haiguswi. Lazima awe na akaunti ya Google. Kwa wazazi wasio nayo, andika export?format=pdf mahali hapohapo; faili ya PDF itashuka moja kwa moja. Binafsi ningewatumia wote PDF, kwa kuwa wengi hufungua zoezi kwa simu na kujibu kwenye daftari.

Maswali mafupi kutoka Changamwe: nimefunga kichupo kwa bahati mbaya, walio nyuma hawaoni maandishi, na video ya YouTube ina utangulizi mrefu.

Ctrl+Shift+T hurudisha kichupo kilichofungwa mwisho. Rudia, na cha kabla yake kinarudi. Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza maandishi, Ctrl+0 huyarudisha, F11 hujaza skrini nzima.

Kwa video, ongeza &t=150 mwishoni mwa anwani, nayo itaanzia dakika ya 2 na sekunde 30. Hesabu ni ya sekunde tupu. Kama anwani ni ile fupi isiyo na alama ya kuuliza, andika ?t=150 badala yake. Halafu zima uchezaji wa moja kwa moja, la sivyo somo la usanisinuru litafuatwa na taarabu.